Samaki wa Kufungulia Tangi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wifi yangu mzima, na watoto wameshapona mafua waliyokuwa nayo siku ya kikao. Ukitaka kujua hali yangu, mwili haujambo, kifua ndicho kizito, na si kwa mafua. Baba hajambo. Sasa hivi amekaa kwenye kiti chake mbele ya tangi, mikono magotini, kama ulivyomwacha. Ameniagiza nikusalimie, nami nimekusalimia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu yangu ukiiona unampa wifi, na wifi ananiambia unaoga. Kaka, unaoga sana. Tena katika nyumba hii Baba anasikia hata kijiko kikianguka jikoni kwa jirani, kwa hiyo yapo mambo ambayo siwezi kuyasema kwa mdomo. Nimekubali kuhama kabla ya mwisho wa mwezi kama mlivyoamua, ili ninyi mwingie na vitanda vyenu. Begi langu liko mlangoni. Lakini kabla sijalibeba kuna maelezo ya nyumba na ya tangi ambayo ni lazima uyapate. Tangi hilo ulilinunua wewe, na hajaingia mgeni hapa ambaye hukumkumbusha kwamba ulilinunua wewe.

Acha nianzie mwanzo, maana mwanzoni hukuwepo. Marehemu Mama alipotutoka, hapakuwa na mtu aliyeweza kukaa na Baba. Wewe ulikuwa na kazi yako na watoto wako, sikulaumu. Mimi nilikuwa kwenye duka la rangi, nachanganya rangi za kuta, na ukaniambia kwamba kwa kuwa sina mume wala mtoto, mimi ni mwepesi kuhama. Sijasahau neno hilo. Nikahama. Nilimkuta Baba amefunika meza yake ya saa kwa shuka, vibisibisi na vioo vyake vyote chini yake, kama vile ameifanyia mazishi. Fundi aliyetengeneza saa za nusu ya mji huu hakutaka hata kusikia saa ikitajwa. Haogi mpaka abembelezwe. Anarusha vikombe. Nikiingia chumbani ananiita kwa jina la Mama, halafu akisikia sauti yangu anageukia ukutani kwa hasira, kwamba kwa nini mimi si yeye. Nilikwambia yote hayo kwenye simu, nawe ukanijibu kwamba ni majonzi, yatapita, nijikaze. Nilijikaza.

Kisha siku moja ukaja na tangi la vioo, la maji ya chumvi, dogo, urefu wake kama mkono wangu tangu begani hadi vidoleni. Ulisema umesoma mahali kwamba samaki humtuliza mzee. Ulikuja na yule muuzaji mwenye miwani kichwani, na mkashinda sebuleni mkimwaga mchanga, mkipanga mawe, mkikoroga chumvi kwenye ndoo, mkiulizana wapi pa kuchomeka pampu. Baba alikuwa chumbani kwake na mlango ameufunga. Mimi nilikuwa nafuta maji sakafuni nyuma yenu.

Hapo ndipo muuzaji alipotoa mfuko wa samaki wa buluu. Nakumbuka maneno yake vizuri kuliko wewe. Alisema maji ya tangi jipya ni sumu, inachukua wiki kadhaa mpaka yapevuke, na mtu mwenye subira huliacha tangi tupu mpaka wakati huo. Lakini wateja hawana subira. Kwa hiyo yupo samaki huyu wa buluu, mdogo kama kidole gumba, roho ngumu kama jiwe. Huyu anatupwa kwanza. Akifa, maji bado, unatupa mwingine. Akiishi, maji tayari, ndipo unaleta wale wazuri. Alisema katika biashara yao anaitwa samaki wa kufungulia tangi. Ukacheka, ukasema hiyo ni akili. Mimi nikamwuliza, sasa huyu wa kufungulia akishafungua anakuwaje? Akasema hilo hajawahi kuulizwa.

Yule wa buluu aliishi, Kaka. Siku za mwanzo alikuwa anahema juujuu ya maji, anajibanza nyuma ya hita inayopasha maji, hali kitu. Nilimwonea huruma nikaenda kununua dawa za kupimia maji, zile za matone, unachanganya kwenye kichupa na rangi inakwambia sumu ni kiasi gani. Kazi yangu ya dukani ikanifaa, maana kijani na kijani si kitu kimoja. Kila asubuhi Baba akawa ananiuliza kutoka kitandani kama yule kiumbe bado mzima. Nikawa namjibu, na rangi ya maji namtajia: leo kijani imekolea, mbaya, leo imepauka kidogo. Asubuhi moja hakuuliza. Alitoka mwenyewe, amejishikia ukuta, akaja kukaa kwenye kiti mbele ya kioo, akasema nimsomee rangi. Jioni hiyo alioga bila kubembelezwa. Sifa hiyo nakupa, na sikupunji hata tone.

Maji yalipopevuka ikaja kazi ya kuchagua nani aingie. Hapo Baba aliamka kabisa. Alilichukulia tangi kama saa iliyofunguliwa, kwamba kila kipande lazima kikubaliane na jirani yake au chombo kizima kinasimama. Alinituma kwa muuzaji na maswali mpaka nikaona haya. Huyu anakula nini? Anakua kiasi gani? Anaelewana na nani? Amezaliwa tangini au amevuliwa baharini? Wewe nawe ukawa unatuma picha kwenye simu. Ulitaka samaki wa manjano mpana kama sahani. Ulitaka farasi wa baharini. Ulitaka yule mdogo mwenye madoido kama zulia la mfalme, na lile ua la bahari lenye vidole vinavyopepea. Baba aliniambia nimweleze kila picha, nami nikamweleza, na kila moja akaitafutia majibu. Yule wa manjano anataka kuogelea mbali, humu atageukageuka kama mfungwa. Farasi anataka kulishwa mara nyingi kwa siku, na chakula chake hakinunuliki kirahisi. Mwenye madoido anakula vidudu hai tu, na tangi changa halina, kwa hiyo anakufa njaa huku amependeza. Ua linataka taa kali na tangi la zamani. Baba alisema ulichagua kama mtu anayenunua saa kwa kuangalia mkanda. Sikukwambia wakati ule, nilikutunzia heshima.

Sisi tulichagua wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliozaliwa tangini, wanaokula chochote na hawana safari. Konokono wachache wa kulamba vioo. Vikaa viwili vile vinavyoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa, kazi yao kuokota makombo. Baba akasema bado mmoja, ila huyo atamchagua mwenyewe dukani.

Tulikwenda, mkono wake begani kwangu. Ulitukuta njiani, ukapunguza mwendo wa gari, ukatania kwamba Mzee anatembea kama bwana harusi. Duka lile unalijua, matangi yamepangwa mpaka darini, pampu zinanguruma. Baba alipita kwenye rangi zote zile bila kusimama. Akasimama kwenye tangi la chini kabisa lililoonekana tupu, lenye mchanga na jiwe moja. Akainama, akaweka sikio kwenye kioo. Ndipo nami nikasikia: tak! Kama mtu anayepiga kidole. Muuzaji akasema huyo ni kamba, kamba wa baharini namaanisha, mwenye gando moja kubwa analoliliza. Anachimba handaki mchangani kutwa nzima, lakini macho yake hayamsaidii sana. Kwa hiyo anaishi na samaki mdogo anayekaa mlangoni kulinda. Kamba akitoka na kokoto zake, anaacha sharubu moja imelala juu ya mkia wa yule samaki. Samaki akiona hatari anatikisa mkia, na wote wawili wanazama ndani. Mmoja anachimba, mwingine anaangalia. Baba hata bei hakuuliza. Alisema hao wawili, twende nyumbani.

Uliposikia ulicheka sana kwenye simu. Ulisema katika rangi zote za bahari, Mzee kachagua kijamaa cha rangi ya tope kinachokaa shimoni, na ukamwambia wifi, nikakusikia, kwamba bila shaka ni mimi niliyemchagulia kwa ubahili. Nikameza. Baba alimwita kamba Fundi na samaki wake Mlinzi. Alikuwa anaweza kukaa asubuhi nzima kimya, na gando likilia anatabasamu na kuniambia, haya, Fundi kafungua duka.

Halafu ukamleta yule wa manjano hata hivyo. Uliingia sebuleni umeinua mfuko juu kama kombe la mpira. Nilikwambia mbele ya wifi kwamba tangi ni dogo na yule wa buluu hatamkubali, ukanijibu kwamba mimi kazi yangu ni kumharibia Mzee furaha. Baba akasema ni mzuri sana, anang'aa. Ukafurahi, ukaondoka. Yule samaki alihangaika kwenye kioo, kulia kushoto, kulia kushoto, na kila akipumzika wa buluu anamng'ata mapezi. Hakumaliza wiki. Uliponipigia kuuliza, ukasema nimemuua kwa uzembe. Hilo nalo nilimeza, tumbo langu sasa ni ghala.

Basi wa buluu akawa ndiye mwenye tangi. Aliyeingia wa kwanza huona kila jiwe ni lake, na hii si tabia mbaya, ndivyo alivyofundishwa na maji aliyoyakuta. Aliwabana wale wa chungwa kwenye pembe moja. Kisha akamgeukia Mlinzi, akamchana mkia. Mlinzi akajificha, na Fundi bila Mlinzi hatoki. Gando likanyamaza. Baba akawa anakaa pale, kichwa ameinamisha, anasubiri, hasikii kitu. Chakula akaanza kukirudisha. Nikamwambia dawa ni moja, tumtoe wa buluu. Alikataa kabisa, Kaka. Alisema huyu alivumilia maji ambayo wengine wangekufa siku ya kwanza, sasa maji yamekuwa matamu ndipo tumtoe? Alisema hiyo si haki na haitatendeka nyumbani kwake.

Nayaandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu nitayahitaji huko mbele.

Nilimtoa. Nilingoja siku ambayo fundi viatu jirani yetu alimpitia Baba wakaenda kuzungumza kibarazani kwake. Samaki yule hashikiki mpaka uondoe mawe yote, kwa hiyo niliyaondoa moja moja kwenye ndoo, maji mpaka kwapani, mchanga umetibuka huoni kitu. Nilimpeleka kwa daktari wa meno mtaa wa pili, kwenye tangi kubwa la chumba cha kusubiria, lenye wakorofi wenzake. Alipofika hakuna aliyemwogopa. Alikaa nyuma ya hita kama siku ile ya kwanza. Nikarudi, nikapanga mawe upya, na wiki ile Mlinzi akapona, na gando likalia tena, na Baba akamaliza sahani. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza yule mkorofi wetu hajambo, nami nikawa namjibu hajambo. Nilikuwa nasema kweli, sikutaja tu anakoishi. Nilikusudia kumwambia Jumapili. Jumapili ile ndiyo mkaja na kikao.

Sina haja ya kukukumbusha, ulizungumza vizuri, ulikuwa umejiandaa. Ulisema nimeifanya nyumba ya Baba kuwa yangu. Nilimkatalia wifi kuhamisha viti, tena kwa ukali, kwa sababu ya kiti tu. Nilimfokea mwanao kwa kuacha gari la kuchezea kwenye korido, mtoto akalia. Simu ya Baba napokea mimi, ujumbe wake nasoma mimi. Benki naingia naye mpaka dirishani, na kidole changu ndicho kinachomwonyesha pa kutia sahihi. Mezani namgeuzia sahani kama mtoto mchanga. Wifi akaongeza kwamba mtu mzima akitunzwa hivyo anakufa kabla ya siku zake. Nilinyamaza. Ulidhani nimekosa la kusema. Nilikuwa nimefungwa na ahadi, na aliyenifunga alikuwa amekaa katikati yetu, mikono magotini, nami nikimwangalia nikisubiri anifungue.

Ndipo ukasimama, ukaenda kwenye tangi, ukagonga kioo kwa pete yako. Ukasema mdogo wako huyu ni kama yule wa buluu. Alitufungulia tangi, tunamshukuru, lakini sasa hataki mwingine aingie. Ukanyoosha kidole, ukasema mwoneni alivyojitanua kwenye mawe. Wifi akacheka. Ukamwuliza Baba, si unamwona, Mzee? Baba akageuza uso kuelekea sauti yako, akasema namwona. Akaongeza kwamba amenenepa. Nawe ukatazama ndani ya kioo, pua yako karibu iguse, ukasema kweli, amenenepa.

Kaka, tangini hamkuwa na samaki wa buluu. Alikuwa ameshahamia kwa daktari wa meno zaidi ya wiki mbili.

Sasa soma polepole. Baba haoni. Si kwamba anaona kidogo au anahitaji miwani, haoni. Ni presha ya macho, ilianza pembeni ikaja katikati, na Mama ndiye aliyekuwa macho yake. Wale wawili walificha, kwa sababu fundi saa asiye na macho alijiona si mtu. Mama alipokufa alizima taa zote mbili. Vile vikombe nilivyokwambia anarusha, Kaka, hakuwa anarusha. Alikuwa anaviweka mezani, na meza haikuwa pale alipodhani. Kuniita kwa jina la Mama hakukuwa wazimu wa majonzi, alikuwa hajui nani kaingia. Niligundua siku niliyomkuta anamimina chai na kidole ndani ya kikombe kujua imefika wapi. Tulikwenda hospitali kwa siri na tukaambiwa kilichopotea hakirudi. Aliniapisha. Alisema kaka yako akijua, kuanzia siku hiyo nitakuwa mzigo wa kupangiwa pa kuwekwa. Alisema wewe ni mtu mwema lakini hujui kumwangalia mtu bila kumpangia.

Viti vile ndivyo ramani yake. Anahesabu kutoka kiti hadi kiti kwa mkono. Gari la mwanao lilikuwa hatua moja kutoka mguu wake. Sahani naigeuza ili nyama iwe upande anaoujua. Yote uliyoyataja kikaoni ni kweli, ushahidi wako ulikuwa mzuri, ulichokosa ni mtu mmoja tu, yule uliyekuwa unamtetea.

Mlipoondoka nilimwambia. Nilimwambia wa buluu hayumo, nilimtoa mwenyewe, na nikamwambia tangu lini. Kisha akaniuliza, je, kaka yako alikuwa amesimama wapi? Nikamjibu alikuwa amesimama mbele ya kioo, pua juu yake. Akauliza, na taa ya tangi ilikuwa inawaka? Nikasema inawaka. Baba akacheka, Kaka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Mama, mpaka akakohoa. Halafu akasema, basi tuko wawili.

Nikasubiri. Nilidhani baada ya kicheko kile atasema neno. Nilimkumbusha maneno yake ya yule samaki, kwamba kuvumilia maji mabaya halafu kutolewa maji yakiwa matamu si haki. Nilimkumbusha kwa adabu, nimepiga magoti mbele ya kiti chake. Akanipapasa uso, akanikuta nalia, akanifuta kwa kiganja. Akasema anayakumbuka. Kisha akasema ni heri aishi na mwanawe asiyeona, kuliko kukiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yeye ndiye asiyeona. Akaniambia kabla sijaondoka nikuandikie, nikwambie yote, ila nisiombe kitu. Neno "baki" halikutoka. Imeniuma kuliko kikao chako, na sitakuficha. Wewe ulinifukuza kwa kutojua. Yeye anajua.

Kwa hiyo siombi. Nakuachia kazi, isome mara mbili. Maji ya tangi yakipungua usiongeze ya chumvi. Maji ndiyo yanayoondoka, chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza ya kawaida yaliyochujwa. Lisha kidogo, mara moja kwa siku. Usilete samaki mpya hata mmoja, hasa akiwa mzuri, tangi limeshatosheka. Usisogeze jiwe la kushoto, ndipo lilipo handaki la Fundi. Usisogeze kiti chochote, na wifi amwambie hivyo kila atakayefagia. Ukiingia chumbani sema jina lako, hata kama unaona ni ujinga. Njiani usimshike mkono ukamvuta, mwache yeye akushike begani, utembee nusu hatua mbele, ukifika kwenye ngazi simama, atajua. Asubuhi atakuuliza kama Mlinzi yuko mlangoni. Usimjibu ukiwa jikoni. Nenda, uiname, uangalie, ndipo umjibu. Atajua kama hukwenda, anasikia viatu.

Mimi nimepata chumba karibu na duka langu la zamani, wamenirudisha kwenye rangi. Jana nilipita kwa daktari wa meno. Wa buluu bado yuko nyuma ya hita, amepauka, lakini anakula. Msaidizi wa daktari aliniuliza kama ni wangu, nikasema ndiyo.

Nisalimie wifi, mwambie ufunguo wa jikoni unagoma, ausukume juu kabla ya kuuzungusha. Wabusu watoto, na yule wa gari umwambie shangazi hakumchukia. Ukishamaliza kusoma, Kaka, panga siku ukapimwe. Baba maradhi yake tunayajua jina. Ya kwako wewe, mwenye macho mawili na taa inawaka, sijui yanaitwaje.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa kufungulia tangi.